Nunua kipimo cha CO utakachoweza kukijaribu hapa Goma

Maneno haya, juu ya vipimo vya CO, yaani monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu inayotoka motoni, niliyasema mbele ya mafundi wa maji moto, wa matanuru ya mikate na wa jenereta waliokutana hapa Goma. Nayaweka yote kwa ajili ya wenzetu waliokuwa kazini siku hiyo. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Jambo yenu wote. Wazee wangu wa kazi, mama zetu wa matanuru, na nyinyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka kwenye parsele za watu na mikono bado ina masizi, asanteni kwa kuja.

Swali mlilokuja nalo nalijua, maana nimeanza kuulizwa tangu mlangoni: "Papa, tununue kipi?" Mmoja amenionyesha kifaa cha dola 25. Mwingine amenionyesha cha dola 900. Wote wawili wanataka niseme ndiyo au hapana. Siwezi kusema bado, kwa sababu vifaa hivyo viwili havifanyi kazi moja. Cha kwanza kinamlinda mtu aliyelala. Cha pili kinamwambia fundi kama moto wake unaungua vizuri. Ukivichanganya, umetupa pesa, na pengine umetupa uhai wa mtu.

Tuanze na jambo la kwetu. Nani hapa hajui mazuku? Hakuna. Mtoto wa Bulengo anajua, mtoto wa Mugunga anajua: usishuke kwenye shimo alfajiri kabla upepo haujavuma. Mbuzi akilala humo haamki. Ile ni kaboni dioksidi, CO2, inayotoka kwenye nyufa za ardhi ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajaa mashimoni na mabondeni na kutulia.

Ujuzi huo umeokoa watu wengi. Lakini umetuachia pia wazo kwamba kila gesi hukaa chini. Nilikuta nyumba moja kule Himbi, fundi amefunga king'ora cha CO karibu kabisa na sakafu, nyuma ya kitanda, pazia limekifunika. Nikamuuliza kwa nini amekiweka hapo. Akanijibu bila wasiwasi wowote: "Yaya, si gesi inakaa chini?"

Gesi ipi? Hebu tuzipime. Hewa tunayovuta ina uzito wa molekuli wa karibu 29. CO2 ya mazuku ni 44. Butani ya kwenye chupa zetu za kupikia ni 58, na propani ni 44. Hizo nazo zikivuja hutambaa sakafuni, kwa hiyo kitambuzi cha gesi ya chupa huwekwa chini. Lakini monoksidi ya kaboni, hii CO inayotuleta hapa, ni 28. Haizami. Inachanganyika na hewa ya chumba kizima, na kwa kuwa inazaliwa motoni, mara nyingi hupanda kwanza pamoja na hewa ya joto. King'ora chake katika chumba chenye mtambo wa moto hukaa juu, mita 1 hadi 3 kutoka kwenye mtambo. Chumbani kwa kulala hukaa usawa wa pua ya aliyelala. Hakikai nyuma ya pazia, wala juu ya dirisha.

Na kuna upande wa pili, sikilizeni vizuri. Kipimo cha CO hakioni mazuku. Fundi akishuka kwenye shimo lenye mazuku na kipimo cha CO mkononi, kitamwandikia sifuri mpaka aanguke. Sifuri hiyo ni ya kweli, ila ni jibu la swali lingine. Kazi ya mashimoni inataka kipimo cha oksijeni na CO2.

Sasa, CO inafanya nini mwilini? Inashikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ni kama abiria aliyekalia kiti cha basi akakataa kushuka: mwenye safari anabaki barabarani. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Moshi mnaousikia ni kitu kingine kinachosafiri nayo, na moto safi wa gesi unaweza kuitoa bila moshi wowote.

Kuna mama mmoja aliyekuwa akisafisha vyumba katika nyumba ya wageni. Mitambo ya maji moto ya gesi ilikuwa imefungwa ndani ya bafu zenyewe. Kila asubuhi akimaliza vyumba vya nyuma, kichwa kinamgonga, anatapika. Wakampa dawa za malaria. Hakupona. Wakamwekea kidoleni kile kifaa cha kupimia oksijeni, kikaandika 98. Wakamwambia yuko mzima, labda ni uchovu. Mnajua kwa nini kiliandika 98? Kifaa cha kawaida cha kidole hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba CO. Zote mbili kinaziona nyekundu. Mtu anaweza kuwa amelewa CO na kidole kinasoma vizuri kabisa.

Aliyegundua ni binti yake, na hakuwa na kifaa chochote. Alisema tu: "Mbona siku ya Mungu, ukibaki nyumbani, huumwi?" Fundi akishasikia neno kama hilo, kichwa kinachopoa mtu akitoka mahali fulani na kurudi akirudi hapo, aache mazungumzo ya malaria akazime gesi.

Basi turudi kwenye vifaa. Viko vya aina tatu, na mimi nataka mjue hasa aina ya kwanza isivyoweza kufanya, kwa sababu ndiyo iliyojaa madukani.

King'ora cha nyumbani kimetengenezwa ili kinyamaze. Ndiyo, nimesema kinyamaze! Walioandika kanuni zake hawakutaka kipige kelele kila mtu anapowasha jiko. Kanuni ya Ulaya, EN 50291, inasema hivi: kukiwa na ppm 30, yaani sehemu 30 za CO katika sehemu milioni za hewa, kisilie kabla ya dakika 120. Kukiwa na 50, kilie kati ya dakika 60 na 90. Kukiwa na 100, kati ya dakika 10 na 40. Kukiwa na 300, ndani ya dakika 3. Kanuni ya Marekani, UL 2034, inakiruhusu kisubiri saa 1 mpaka 4 kukiwa na 70.

Sasa niambieni, nyinyi mnakaa dakika ngapi bafuni kwa mtu mkikagua mtambo wa maji moto? Dakika ishirini? Nusu saa? Nimemwona kijana hodari sana wa kazi, amefunga king'ora cha namna hiyo kwenye sanduku lake la spana. Akiingia bafuni anakiweka chini, na kisipolia anamwambia mwenye nyumba: "Hakuna shida, mama." Nikasimama naye na kipimo cha namba. Kikapanda hadi 50, kikapita. Kile cha kwenye sanduku kimya. Hakikuwa kibovu, kilikuwa kinatii kanuni yake. Ufaransa, fundi anayekagua boila akikuta 50 chumbani anatakiwa aizime palepale. Kati ya 10 na 50 hali si ya kawaida, lazima atafute chanzo. Fundi wa Ufaransa ameshazima boila na kuondoka, king'ora bado kinahesabu dakika.

Kwa hiyo king'ora mfungieni mteja, ukutani, alale nacho. Ni kitu kizuri na kila nyumba yenye moto ndani ingekuwa nacho. Nyinyi wenyewe mnahitaji aina ya pili: kipimo cha hewa cha kuvaa kwenye mkanda au mfukoni, chenye namba inayoanza kusoma ppm 1, 2, 3, na king'ora unachoweza kukipanga mwenyewe. Mimi nashauri kipangwe kwenye 35 kwanza, kisha 50. Hicho kivaeni tangu kwenye geti. Kikibadilika ukiwa sebuleni, kabla hujaufikia mtambo, tayari umejifunza kitu.

Aina ya tatu ni kipimo cha bomba la moshi. Hiki ndicho cha gharama, na hiki ndicho kinachofanya kazi ya fundi wa moto iwe ufundi. Kina mwiko mrefu wa chuma unaoingia ndani ya bomba, pampu ya kuvuta moshi, kikombe cha kunasa maji, chujio, sensa ya CO, yaani kile kiini kinachonusa gesi, sensa ya oksijeni na kipimajoto. Tafadhali, msiingize kipimo cha mkanda ndani ya bomba la moshi. Joto, maji na CO nyingi vitaua sensa yake kwa siku moja.

Kwa nini nasisitiza sensa ya oksijeni? Kwa sababu namba ya CO ya bomba ikiwa peke yake inaweza kudanganya. Fikiria umeingiza mwiko, kikaandika CO 150. Unafurahi? Tazama oksijeni: imeandika asilimia 14. Maana yake hewa nyingi imeingia kwenye moshi na kuuchanganya, ndiyo maana CO inaonekana ndogo. Chukua 20.9, ambayo ni oksijeni ya hewa safi, toa 14, unabaki na 6.9. Zidisha 150 kwa 20.9, gawanya kwa 6.9. Unapata kama 454. Moto wako unatoa 454, si 150. Marekani, mpaka wa mitambo ya kupashia nyumba joto ni 400 kwa hesabu hii hii. Uingereza wanagawa CO kwa CO2, na kwa boila za gesi za kisasa hawataki jibu lizidi 0.004. Njia yoyote kati ya hizo ni nzuri, lakini zote zinahitaji namba mbili. Kifaa cha bomba kinachoonyesha CO bila oksijeni wala CO2, kiacheni dukani.

Na hapa Goma jambo hili lina uzito kuliko Kinshasa au Matadi. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyembamba. Kila lita ina oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Mtambo ukitoka kiwandani umepangwa kwa nchi ya chini, gesi inaingia ile ile na hewa haitoshi. Ongeza vumbi letu la lava linaloziba matundu ya kichomea. Nimefungua kichomea, nikapitisha brashi, likadondoka vumbi jeusi kama unga wa makala, na mwenye nyumba anasema: "Lakini moto ulikuwa buluu!" Moto wa buluu ni dalili njema, sikatai. Haukupi cheti. Nimeshuhudia moto wa buluu unaogusa bati baridi la mtambo ukitoa CO nyingi, maana moto ukipozwa kabla haujamaliza kuungua hutoa CO hata kama rangi yake inapendeza.

Sasa nifike kwenye sifuri. Vipimo vingi vya bomba, ukiviwasha, vinaanza kwa kunusa hewa vilipo na kusema: hii ndiyo hewa safi, hii ndiyo sifuri yangu. Kazi yenu ni kuhakikisha hewa hiyo ni safi kweli. Kuna fundi aliitwa kwenye bulanjeri, umeme umekatika, jenereta inanguruma uani. Akaegemea ukuta karibu na jenereta, akawasha kipimo, akangoja kimalize kujipanga, akaingia ndani. Kikamwandikia 15. Akaandika 15 kwenye karatasi, akatia sahihi. Lakini pale uani palikuwa na CO kama 40, na kifaa kilikuwa kimeifanya 40 kuwa sifuri. Chumba cha tanuru kilikuwa na 55. Wanawake watatu walikuwa wanakanda unga humo tangu usiku.

Mmeona? Kifaa ni kizuri, kina cheti, fundi ni mwangalifu, na namba ni ya uongo. Washeni vipimo barabarani, upande upepo unakotoka, mbali na jenereta, mbali na pikipiki inayowaka, mbali na mbabula ya mama anayechoma mahindi getini. Mkinunua, chagueni kinachoonyesha CO ya hewa wakati wa kuanza, au kinachokataa kuanza kikikuta hewa chafu. Muuzaji asipojua jibu la swali hilo, soma kitabu cha kifaa mwenyewe kabla hujatoa pesa.

Niseme kidogo juu ya batri, maana nyumba nyingi hapa zina inveta na batri za asidi kwenye korido. Batri hizo zikichajiwa hutoa hidrojeni. Sensa nyingi za CO huhesabu hidrojeni kana kwamba ni CO. Baba mmoja king'ora chake kililia kila mchana jua likiwaka na paneli zikichaji. Akakiita kichaa, akakitupa. Mvua ziliporudi, nyumba ile iliingiza mbabula sebuleni ili ipate joto, na ukutani hapakuwa na kitu cha kuwaamsha. Walitoka salama kwa sababu mtoto alilia akahitaji maji. Kwa hiyo, kipimo chenu cha bomba kiwe na sensa iliyotengenezwa kutenganisha hidrojeni, na king'ora cha mteja kisifungwe kando ya batri. Mvuke wa pombe ya kunawia mikono nao hudanganya sensa. Nawa, acha ikauke, kisha shika kifaa.

Nimefika kwenye neno lililonileta. Sensa ya CO ni kitu kinachozeeka. Ndani yake kuna kemikali, na inazeeka hata ikiwa kwenye sanduku lake dukani. Nyingi za vipimo vya kazi huishi miaka 2 au 3, za ving'ora miaka 5 hadi 10. Kwetu vifaa vinakuja vimeshatumika Ulaya, vimepanguswa vikang'aa, betri mpya, skrini inawaka. Unabonyeza kitufe cha majaribio, kinalia. Mnafurahi, mnalipa. Ndugu zangu, kitufe kile kinajaribu betri, spika na waya. Hakijaribu sensa! Kwenye karakana moja tulichukua kipimo kilichokuwa kinatumika kila wiki, kinalia vizuri kikibonyezwa, tukakipulizia gesi ya majaribio yenye CO 100. Kikaandika 11. Kimebebwa nyumba ngapi kikisema 11 mahali penye 100? Hakuna aliyejua.

Ndiyo maana nawaambia: anzeni na chupa, kisha kifaa. Chupa ya gesi ya majaribio yenye CO ya kiwango kinachojulikana, pamoja na mrija wake na kofia ya kifaa. Chupa yenye mgandamizo haipandi ndege kama mzigo wa kawaida. Lazima ije kwa barabara na kwa karatasi zake. Basi ulizeni kwanza: chupa gani naweza kuipata, kwa njia gani, kila baada ya muda gani? Kisha nunueni kifaa kinachokubali chupa hiyo, ambacho sensa yake inabadilishwa kwa mkono kwa kuchomoa na kuchomeka, imeshapangwa kiwandani. Kifaa kinachotaka kurudishwa Ulaya kila mwaka kusawazishwa ni kizuri kwa fundi wa Brussels. Kwetu kitarudi mara moja, halafu kitabaki kabatini na tarehe iliyopita.

Bei? King'ora ni makumi ya dola. Kipimo cha mkanda kinazidi dola mia. Cha bomba ni mamia, na vingine vinapita elfu. Siwaambii kila mmoja anunue cha bomba. Karakana nne au tano zifanye likelemba, zinunue kimoja na chupa yake, kiwe na daftari: nani alikichukua, lini kilijaribiwa, kiliandika nini. Lakini cha mkanda kila fundi awe na chake. Hicho hakiazimwi, kwa sababu siku umekiazima ndiyo siku unayoingia bafuni bila kitu.

Na mkikuta namba? Chini ya 10 endelea na kazi, ila usiache kutazama. Kuanzia 10, fungua madirisha, tafuta chanzo. Ikifika 50, zima, toa watu nje, na usiwashe tena kwa sababu mgeni wa hoteli anataka kuoga. Mwenye nyumba atapiga kelele, mwonyeshe skrini. Mtu akiwa ameshalewa, mpelekeni penye oksijeni. Msimpe maziwa. Najua tunavyoyaamini, mama zetu walitulea hivyo, lakini maziwa yanaingia tumboni na CO iko damuni. Kwa hewa ya kawaida inachukua saa 4 au 5 nusu yake tu itoke. Kwa oksijeni safi ya hospitali, karibu saa moja na nusu. Mwambieni daktari neno "CO" kwa mdomo wenu, ili asiridhike na kile kifaa cha kidole.

Na mbabula ndani ya chumba kilichofungwa usiku, hiyo haina kifaa kinachoihalalisha. Mteja akikuuliza anunue king'ora gani ili alale na mbabula, usimuuzie. Mwambie aitoe nje.

Nimemaliza upande wangu. Chupa iko pale mezani, ni ya CO 100. Wenye vipimo, visafisheni kofia, viwasheni kule nje karibu na mti, si hapa mlangoni penye pikipiki, kisha mje mmoja mmoja. Mama wa daftari ataandika aina ya kifaa, mwaka uliopigwa nyuma yake, na namba kitakayosoma. Tuanze na cha yule kijana wa dola 25, maana ndiye aliyeuliza wa kwanza.